Mgonjwa Ndani, Rafiki Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mwanamke huyu hakuja kutafuta ushauri kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa. Alikuja kwa sababu alikuwa amecheka.

Rafiki yake wa tangu ujanani alimpigia simu jioni moja, akamsimulia kituko cha mjukuu wake, naye akajikuta anacheka kwa sauti, kicheko kile cha zamani cha kushika mbavu. Mumewe alikuwa chumba cha pili, kitandani, mlango wazi. Kicheko kilipokatika, mama huyu akasikia kimya cha kule chumbani, akaona haya, akakata simu bila kuaga. Tangu hapo akawa hapokei simu za rafiki huyo. "Nitachekaje, na mume wangu hawezi hata kunitamka jina?" Hilo ndilo swali alilokuja nalo, na ndilo lililonifanya nimwombe ruhusa ya kuandika kisa chake. Ameniruhusu, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Hali ilivyokuwa

Ni mwalimu wa sekondari, miaka 50 na ushee. Mumewe, fundi umeme, alipatwa na kiharusi asubuhi moja akiwa anafunga viatu aende kazini. Donge la damu liliziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vikapooza na maneno yakapotea. Huko kupotea kwa maneno madaktari hukuita afasia, na ni vyema kukuelewa, maana mengi katika kisa hiki yanaanzia hapo. Mwenye afasia hajapungukiwa akili. Huyu bwana anawajua watu wake, anakumbuka mambo, ana maoni yake, na sehemu kubwa ya anayoambiwa anaielewa. Kilichoharibika ni njia ya kulifikia neno. Akitaka maji anasema "saa". Anajua amekosea, anajaribu tena, linatoka lile lile. Anapiga godoro kwa mkono wa kushoto, kisha ananyamaza, na akishanyamaza hasemi tena hadi kesho.

Watoto wao ni watu wazima na wanaishi mbali. Mama alichukua likizo bila malipo. Kumgeuza, kumwogesha, kumfanyisha mazoezi ya viungo, dawa za saa kwa saa, siku za kliniki, vyote vikawa vyake. Kipato kikashuka. Alipokuja kwangu, mwezi wa saba wa ugonjwa, alikuwa analala vipande vipande na alikuwa ameshaacha kila alichokuwa akikipenda: kuimba, kufuma, kutembea jioni, kusoma kitabu kabla ya kulala. Hakuna aliyemkataza. Aliviacha kimoja kimoja, na kila kimoja alikiacha kwa sababu ambayo mtu yeyote angeielewa.

Marafiki walivyopungua

Wiki za mwanzo nyumba ilijaa watu. Walikaa kumzunguka mgonjwa, wakazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, wakamuuliza mkewe, "Anakula? Analala?" wakati mwenyewe anawatazama. Kila mgeni alitaka kusimuliwa ile asubuhi ilivyokuwa, na mama akasimulia, mgeni baada ya mgeni, hadi maneno yakaanza kumtoka bila yeye kuyasikia. Wakiondoka walisema mlangoni, "Ukiwa na shida yoyote usisite, nipigie." Hakumpigia hata mmoja. Baada ya miezi mitatu hivi njia ikaota nyasi.

Yeye alishatoa hukumu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hawa wote wameonekana. Mimi sikukubaliana naye moja kwa moja, na bado sikubaliani. Naamini wengi wao waliposema "nipigie" walimaanisha. Lakini maneno yale, pamoja na wema wake wote, humwachia kazi yule yule aliyelemewa. Ndiye atafute shida ipi inaombeka, ampime nani ana nafasi, ashike simu, aseme nisaidie. Mtu asiyepata usingizi haiwezi kazi hiyo. Na wale waliosita kurudi, wengi walikuwa wanamwogopa mgonjwa mwenyewe, au tuseme waliogopa kukaa mbele ya mtu asiyejibu wasijue mikono yao waiweke wapi. Hilo ni udhaifu, silitetei. Ila ni udhaifu wenye dawa, na mtu akishahukumiwa kuwa si rafiki, dawa haimfikii tena.

Pengo walilomwachia si dogo. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapisha utafiti wao juu ya wanawake wa Camberwell, London. Waliona kwamba mwanamke aliyepatwa na jambo zito huku hana mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni alikuwa rahisi zaidi kuangukia katika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kuliko aliyekuwa naye. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi katika miaka waliyofuatiliwa. Kwa hiyo mama huyu aliposema, "Marafiki ni mambo ya watu wenye nafasi," nilimkatalia.

Alibakiwa na mtu mmoja, dada wa kanisani kwake, aliyempigia kila usiku. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu kwa nje ungesema huyu ndiye rafiki wa kweli. Walizungumza saa nzima, wakati mwingine na zaidi, na mazungumzo yalikuwa yale yale. Je, kama angemwahisha hospitali mapema? Je, ile presha aliyoipuuza? Je, akipata kiharusi cha pili? Walilia pamoja. Mama alikata simu akiwa anampenda zaidi yule dada, na akiwa hapati tena usingizi. Mtafiti Amanda Rose aliielezea tabia hii mwaka 2002 kwa watoto na vijana: marafiki wawili wanaolichambua tatizo moja tena na tena. Aliona kwamba inakaza urafiki, na papo hapo inakwenda sambamba na huzuni na wasiwasi, na kwamba wasichana huifanya zaidi. Niliyoyasikia kwa mama huyu yalikuwa hayo hayo, kwa mtu mzima. Kulia na rafiki ni haki yake. Kulia kwa jambo lile lile kila usiku kwa miezi minne kulimchosha, na hakuna kati yao aliyethubutu kusema tuzungumze mengine.

Alhamisi

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwangu. Kilitoka kwa fundi mwenzake mumewe, bwana mmoja mkimya ambaye hakuwa hata amekaa vizuri siku alizokuja kumtazama mgonjwa. Alipiga simu akasema, "Shemeji, Alhamisi saa 10 nakuja kucheza drafti na kaka. Wewe nenda kapunge upepo, nitakuwepo mpaka saa 12."

Tazama sentensi hiyo ilivyokaa. Haiulizi shida ni nini. Siku ipo, saa ipo, kazi ipo, na mwisho upo. Jibu linalotakiwa ni "haya" tu. Tena huyu bwana hakusema anakuja kumsaidia mama. Alisema anakuja kucheza. Mama hakujiona ana deni. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walifuatilia wapenzi ambao mmoja wao alikuwa anajiandaa kwa mtihani mgumu wa uwakili huko New York. Msaada uliomtuliza zaidi mtahiniwa ulikuwa ule ambao mwenzake alisema ameutoa, ilhali mwenyewe hakuutambua kuwa ni msaada. Ukiutambua, unakumbushwa kwamba umeshindwa. Ukipita kama jambo la kawaida, unakupunguzia mzigo na heshima yako inabaki palepale. Yule fundi, nina hakika, hakuwahi kusikia habari za utafiti huo. Alikuwa anataka kucheza drafti na rafiki yake.

Alhamisi ya kwanza mama alikwenda kupanga foleni ya dawa. Ya pili alifua. Aliporudi kwangu nilimuuliza alipunga upepo wapi, akanitazama kama nimemwonea. "Sijisikii kufanya lolote," akasema. "Nikijisikia nitafanya."

Hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn, katika miaka ya 1970, alieleza mwendo wa jambo hili: mtu akipungukiwa na mambo yanayompa raha, hamu hupungua, hamu ikipungua, anafanya machache zaidi, akifanya machache, raha inazidi kukauka. Anayengoja hamu ije kwanza anangoja kitu ambacho huzalishwa na kule kufanya. Lewinsohn na mwenzake Douglas MacPhillamy walitengeneza orodha ya mambo 320 yanayoweza kumpendeza mtu, na mengi kati yake ni madogo kabisa. Kwenye mazoea ya tiba yaliyotokana na mawazo hayo, mtu hupanga jambo dogo, analiwekea siku na saa, analifanya hata kama moyo umelala, kisha anaandika alivyojisikia kabla na baada. Hatakiwi kujisikia vizuri. Anatakiwa kulifanya na kuandika.

Mama alichagua kufuma. Akasema kabisa kwamba hatalifurahia.

Kufuma kulimrudisha kwa yule rafiki wa kicheko, maana ndiye aliyekuwa na nyuzi na ndiye waliyefuma naye tangu wakiwa wasichana. Ilimpasa ampigie simu baada ya kumkimbia kwa miezi. Alimwogopa kuliko alivyoogopa lolote katika kisa hiki. Rafiki akapokea, akasema, "Njoo, shoga yangu, mbona umenichelewesha," na hakuuliza zaidi. Wakawa wanakaa barazani kila Alhamisi. Nilipendekeza wawekeane mpaka, nao wakauweka kwa namna yao: mwanzoni wanazungumza habari za mgonjwa mpaka ziishe, kisha rafiki anasema "hesabu mishono", na baada ya hapo ugonjwa hautajwi mpaka wiki ijayo. Alianza shali ya rangi ya udongo. Safu ya nne akakuta ameruka mshono, akafumua zote hadi chini, akaanza upya. Aliniambia kwamba wakati anafumua alikuwa hawazi kitu. Kwa miezi mingi hakuwahi kuwa na muda ambao hawazi kitu.

Katika daftari lake wiki hiyo, kwenye "kabla" aliandika "sitaki". Kwenye "baada" aliandika "mikono ilikuwa na joto". Sikumsahihisha. Lilikuwa jibu zuri kuliko namba.

Kicheko ni usaliti?

Turudi kwenye lile swali lake, kwa kuwa shali peke yake isingelijibu. Yeye aliona furaha na huzuni kama watu wawili wasioweza kukaa nyumba moja: mmoja akiingia, mwingine amefukuzwa. Kwa hiyo kila alipofurahi alijiona amemfukuza mumewe.

Susan Folkman alifanya utafiti San Francisco miaka ya 1990 kwa wanaume waliokuwa wakiwauguza wapenzi wao wenye UKIMWI, wakati ambapo ugonjwa ule ulikuwa unaua karibu kila aliyefika hatua hiyo. Watafiti waliwauliza juu ya mateso. Wauguzaji ndio waliolalamika kwamba maswali yanaacha nusu ya habari, kwamba hawaulizwi mambo mema ya siku. Walipoulizwa, walikuwa nayo: neno zuri la mgonjwa, machweo, mzaha wa rafiki. Walikuwa na huzuni nzito na furaha ndogo ndogo katika kipindi kile kile, na Folkman akaona kwamba zile ndogo ndizo zilizowapa pumzi ya kuendelea na kazi. Nao Margaret Stroebe na Henk Schut, walioandika juu ya wafiwa mwaka 1999, walieleza kwamba mtu anayeomboleza vizuri huenda na kurudi: leo anaitazama hasara yake, kesho anaipa mgongo ashughulike na maisha. Kule kuipa mgongo ni sehemu ya kuomboleza.

Mama alinijibu, "Mume wangu hajafa." Kweli. Na huo ndio ugumu wake. Pauline Boss ameandika miaka mingi juu ya hasara ya namna hii, ya mtu ambaye yupo na hayupo kwa wakati mmoja. Hakuna anayekuja kuhani. Mke anamlilia mtu anayemwogesha kila asubuhi, na anaona aibu kulia.

Lililomjibu kwa kweli lilitokea siku ambayo hakuwepo nyumbani. Wanaume wawili walikuwa kwenye drafti. Fundi, akingoja zamu yake, akawa anaimba kwa puani wimbo mmoja wa ujana wao. Akafika mahali akasahau. Mgonjwa akaumalizia. Kwa maneno. Mstari mzima, kila silabi mahali pake, kisha akasogeza kete yake kwa mkono wa kushoto kama vile hakuna kilichotokea. Jambo hili si muujiza, na wataalamu wa usemi wanalijua: wengi wenye afasia wanaweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema, na tangu 1973 kuna tiba inayotumia sauti ya wimbo kuwasaidia kurudisha usemi. Lakini nyumba ile haikuwa na habari hiyo.

Mama aliposimuliwa alilia kwa uchungu. Kwa nini hakuwepo? Siku moja tu kwa wiki anatoka, na ndiyo siku hiyo. Tulikaa na hilo. Wiki iliyofuata alikuja na wazo ambalo mimi nisingelifikia. Alisema kama angekuwepo, mumewe asingeimba. Mbele yake huwa anajichunga. Anamtazama usoni kila anapojaribu neno, anaona matumaini yake, anaona yanavyoanguka neno likikosea, na ndiyo maana ananyamaza mapema. Mbele ya rafiki hakukuwa na mtihani. Kulikuwa na kete.

Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote. Mama alidhani kila saa ya raha anamwibia mgonjwa. Kumbe mgonjwa naye alikuwa anahitaji saa za kukaa na mtu asiyemtazama kama mgonjwa, na mkewe, kwa upendo wake wote na kwa uchovu wake wote, hangeweza kuwa mtu huyo kila saa. Walikuwa wamefungiana ndani, kila mmoja akiulinda uso wa mwenzake. Alhamisi iliwafungulia wote wawili mlango.

Yasiyotibika kwa drafti

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani shali na mchezo vinatosha. Nilimpeleka kwa daktari mapema, kwa sababu usingizi mbovu, kukosa hamu na kujilaumu vikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi vinahitaji kuchunguzwa kama sonona, na muuguzaji huugua kimya kimya. Angekuwa na mawazo ya kutotaka kuishi, tusingengoja Alhamisi yoyote. Na fedha zilikuwa tatizo la kweli lisilotulizwa na furaha. Hilo lilitatuliwa kwa kiasi na mmoja wa wale "walioonekana": rafiki aliyekuwa hawezi kabisa kuingia chumba cha mgonjwa, lakini ni mtu wa makaratasi. Alichukua fomu zote za bima na za mwajiri, akazijaza, akazifuatilia. Hajaingia chumbani hadi leo. Mama amekubali kwamba huyu naye amemfaa.

Inawezekana pia kuunganisha yote mawili, maneno na kazi ya mikono, kwa mpango maalumu. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ambapo akina bibi waliofundishwa humsikiliza mwenye huzuni na kumsaidia kulikabili tatizo moja moja. Jaribio la mpango huo, lenye watu 573, lilichapishwa mwaka 2016 na kuonyesha kwamba dalili zilipungua zaidi kwa waliokaa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Wakimaliza hukaribishwa kwenye vikundi, na huko hukaa pamoja wakifuma mikoba. Nilipomsimulia mama huyu, alitaka kujua wanafuma mshono gani.

Yule dada wa simu za usiku hakuachwa. Mama alimweleza ukweli, kwamba wakizungumza hivyo halali, wakakubaliana wapigiane mchana na kwa muda mfupi. Urafiki ulitikisika kidogo. Umesimama.

Mume ameanza kutamka maneno machache bila kuimba, jina la mkewe likiwa mojawapo siku nyingine na siku nyingine halipo. Mama amerudi kazini nusu ya siku. Fundi amehamishiwa kituo cha mbali, na Alhamisi zikawa hatarini. Safari hii mama hakungoja kupigiwa. Alimpigia fundi mwingine wa zamani wa mumewe akasema, "Shemeji, Alhamisi saa 10 unaweza kuja kucheza drafti na kaka yako? Ni mpaka saa 12 tu." Amekubali Alhamisi mbili kwa mwezi. Zile nyingine mama anacheza yeye na anafungwa. Rafiki wa barazani hataki kusikia hivyo, anataka Alhamisi zote nne, na wameshaandika majina matatu ya watu wa kuulizwa.